Mishiri saba kwenye ukingo wa sahani

Ni Alhamisi, saa nne na dakika kumi usiku, na bado nabishana kichwani na Shosho, mama mkwe wangu. Mwenyewe alisharudi Mwea tangu Jumatatu. Nilimsindikiza hadi stendi ya Tea Room, nikamlipia nauli, nikamtafutia kiti cha dirishani, nikamtilia mkate na maji kwenye mfuko wake wa maua. Tuliagana vizuri. Lakini kila nikifungua bomba nioshe vyombo, namsikia:

“Hii si ndiyo tulikuwa tunapea ng’ombe?”

Maneno sita. Nimeyahesabu.

Ya wiki ni mengi, wala sitayaandika yote: ukaguzi kazini umeisha salama, ile barua niliyoisubiri tangu Machi imekuja na kuanzia mwezi ujao mimi ndiye msimamizi wa kaunta, gari la Baba Njeri hatimaye limepata mnunuzi, na daktari amesema mtoto wa jicho la kushoto la Shosho atatolewa Novemba. Sawa. Turudi kwenye mishiri, yaani yale maharagwe mabichi membamba ya maganda, ndiyo hiyo “hii” ya Shosho.

Mnaonisoma zamani mnajua kwamba oveni yetu ilikaa miaka miwili ikiwa kabati la masufuria. Niliitoa masufuria Desemba kwa ajili ya ile keki (tusiiseme), na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchoma mboga. Nimechoma kabichi, nimechoma brokoli, hata sukuma wiki nimeijaribu ikageuka majivu. Mishiri ndiyo iliyonishika. Ikitoka vizuri inakunjamana kidogo, ncha zinakuwa nyeusi, na ukiitafuna inalia.

Ukavu ndio kila kitu. Mboga yenye maji haichomeki, inachemka, na maji yakishachemka hayapandi joto tena mpaka yaishe, kwa hiyo oveni yako yenye nyuzi 220 inafanya kazi ya sufuria. Hili la maji lilinisumbua nilipohamia Nairobi. Kwetu Kisauni, Mombasa, maharagwe yalikuwa yanaiva kwa wakati wake, hapa nayangoja mpaka nakasirika. Baadaye nikaelewa kwamba mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Maharagwe yanaumia, ila mboga ya oveni haina neno, maana maji yanaitoka upesi. Basi naosha mishiri mapema, naitandaza kwenye kitambaa, naipangusa kama mtoto aliyetoka kuoga. Nusu kilo kwa vijiko viwili vya mafuta na chumvi. Kwenye trei naitandaza ili mmoja usilale juu ya mwenzake. Dakika kumi na mbili, naitikisa, dakika tano tena. Kitunguu saumu kinaingia mwishoni, kikitangulia kinaungua na kuleta uchungu.

Halafu jibini. Wenye mapishi wanataka lile la Italia, la Parma, ambalo kwa sheria yao linakaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa. Nililishika dukani, nikageuza nione bei, nikalirudisha taratibu kama mtu aliyeshika cha wenyewe. Nikachukua gumu la hapa nchini, nikaliacha wazi kwenye friji siku mbili lizidi kukauka, nikalikwaruza kwa kile kibati cha karoti. Laini halifai, linatoa maji na kazi yote inarudi nyuma. Nachanganya na makombo ya mkate wa juzi, namwaga juu, dakika tano za mwisho. Linaloanguka kati ya mishiri linashika kwenye trei na kuwa vipande vyembamba vya rangi ya kahawia, vinavunjika kama kioo. Hivyo havifiki mezani. Ni vya mpishi.

Sasa, Jumapili. Kilichoniuma ni kwamba niliichagua mishiri kwa ajili yake. Mama mkwe wangu amelima mishiri miaka na miaka. Hiyo ndiyo iliyomsomesha Baba Njeri. Nikasema moyoni, leo ataona zao lake limevaa nguo za sikukuu. Nikatoa lile sinia jeupe la harusi. Palikuwa na pilau, palikuwa na kuku, lakini sinia nililiweka mbele yake.

Akachukua mshiri mmoja kwa vidole. Akaubinya, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada toka mwanzo hadi mwisho, akauweka kwenye sahani yake. Akachukua mwingine, hivyo hivyo. Mimi nikadhani anatafuta mdudu. Macho yake si mazuri, nikasema labda hajui ni nini. Kisha akainua uso, akasema hayo maneno sita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama mvua imenyesha.

Baba Njeri alicheka hadi akakohoa. Njeri, ambaye ana miaka minane na hajawahi kukosa nafasi, akalia “Muuu!” Na mimi, unajua nilisema nini?

“Karibu, Mama. Kuna kuku pia.”

Kuna kuku pia! Kama mhudumu wa hoteli. Shosho angesema la kwake, nami ningecheka, yangeisha. Ningeweza kusema, “Basi leo ng’ombe wamekaribia mezani.” Hilo lilinijia Jumatatu nikiwa kwenye matatu maeneo ya Roysambu. Ningeweza kusema, “Mama, hebu onja kwanza.” Hilo lilikuja Jumanne nikimhesabia mteja pesa, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, akanitazama. Wiki nzima nina majibu mazuri na hakuna wa kumjibu.

Nilipoondoa vyombo nikakuta sahani yake imesafishwa, pilau imeisha, mifupa ya kuku imekusanywa pamoja, na kwenye ukingo mishiri saba. Imepangwa. Ncha zote upande mmoja, kama penseli kwenye kikebe. Nikaona ndiyo hiyo, hata kuificha chini ya mfupa hakujisumbua. Nikaitupa kwenye pipa kwa nguvu ambayo mishiri haikuistahili.

Jumanne usiku nikampigia mama yangu Kisauni, nikitaka kutetewa. Nikamweleza yote, mpaka jibini. Akanyamaza, halafu: “Na wewe nawe. Mtu mzima, macho yanamsumbua, unampa vijiti?” Nikamwambia si vijiti, ni mboga. “Mboga haitoi sauti mdomoni,” akasema. “Ungempikia kwa nazi ukamaliza maneno.” Kisha akaanza kunieleza habari za jirani na ukuta wake.

Kwa Baba Njeri nako sikupata kitu. Jumatatu nilimuuliza, mamako alimaanisha nini? “Alimaanisha ng’ombe.” Jumanne nikamuuliza, alisema “tulikuwa tunapea” ama alisema “tunapea” tu? Maana kuna tofauti. Moja ni habari ya zamani, nyingine ni hukumu. (Hiyo “tunapea” yenyewe niliipigania miaka ya mwanzo ya ndoa, nikisahihisha “tukiwapa, tukiwapa,” hadi nikachoka. Siku hizi naisema mwenyewe.) Akanitazama juu ya simu yake. “Mama Njeri, bado uko Jumapili?”

Jana stima ikapotea saa mbili. Njeri alikuwa amelala. Tulikaa sebuleni na mshumaa mmoja, simu zote mbili ziko chini ya asilimia kumi, na mtu akikosa simu anazungumza.

Baba Njeri akaanza mwenyewe. Kwamba mshiri ukipandwa, siku hamsini hivi unaanza kuchumwa, na ukishaanza haukuachi. Usipouchuma siku mbili tatu unanenepa. Ule mwembamba kabisa, usiozidi milimita sita, ndio ekstra. Hadi tisa ni faini, si faini ya kulipa, ni daraja linalofuata. Juu ya hapo, au uliopinda, au wenye doa, haupandi ndege. Walikuwa wanachuma alfajiri kabla ya shule, wanapeleka kwenye shedi, na mama yake anapanga kwenye katoni za kilo tatu, ncha upande mmoja. Hakuwa na kipimo. Vidole tu. Mnunuzi akija na yeye anapima, lakini Shosho hakuwahi kukosea, kwa hiyo mnunuzi akikataa mzigo wake alijua si unene, ni jambo jingine.

Mwaka 2005, Baba Njeri akiwa kidato cha pili, lori lilikuja likakataa mzigo wa kijiji kizima. Hawakuambiwa kwa nini. Wiki mbili mfululizo. Mishiri ikarudi nyumbani na mkokoteni, wakamwagia ng’ombe.

“Ng’ombe walikula karo yangu,” akasema, na akacheka kicheko kile kile cha Jumapili. Sasa kwenye giza nikakisikia vizuri zaidi. Alikaa nyumbani hadi nusu ya muhula.

Nikamuuliza kama nyumbani walikuwa wanaila. Akasema ile minene, iliyokataliwa, ilichemshwa na viazi. Ekstra hapana. “Ekstra ilikuwa ya Ulaya. Ukiigusa unapigwa kofi la mkono.” Shosho aliendelea hadi 2013, Ulaya ilipoanza kukagua asilimia 10 ya mizigo ya mishiri kutoka Kenya kutafuta mabaki ya dawa, na wanunuzi wakawa wakali kwa wakulima wadogo. Aling’oa yote, akapanda nyanya. Mpunga, ambao Mwea inasifika kwao, alisema ni wa watu wenye maji ya uhakika.

Nikawa nimenyamaza. Nilikuwa nimerudi jikoni Jumapili, mbele ya pipa, na sahani mkononi. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira nahesabu na kukagua, ndiyo kazi yangu. Saba. Ilikuwa miembamba, yote saba, haina hata mmoja mnene. Minene yote ilikuwa imeliwa.

Sikumwambia Baba Njeri. Stima ikarudi na akakimbilia chaja.

Leo mchana nimejisuta. Labda ni meno tu. Miembamba ndiyo iliyokauka zaidi, na Shosho ana pengo la magego upande wa kulia. Mwanamke wa miaka sabini na mbili ana haki ya kuacha kinachomchoma fizi bila mkaza mwana kumtungia hadithi.

Lakini jioni nimempigia, kumkumbusha ile dawa ya matone. Tumeongea habari za mvua, za kuku wake, za jicho. Nilitaka kuuliza, nikashindwa niingilie wapi. Yeye ndiye aliyeuliza.

“Mama Njeri.” Njeri amepewa jina lake, kwa hiyo kila akiniita hivyo ni kama ananiita mama yake mzazi, na sijawahi kuzoea. “Ile mishiri ulinunua wapi?”

“City Park, Mama.”

“Pesa ngapi?”

“Mia na hamsini. Nusu kilo.”

Kimya. Nikasikia jogoo wake nyuma, yule asiyejua saa.

“Haiya. Mia na hamsini.” Halafu, kwa sauti ya kazi ambayo sijawahi kuisikia: “Walikuibia. Walikuwa wamechanganya. Ekstra ilikuwa kidogo tu, ingine yote ni faini, na ingine hata si faini. Siku ingine uambie huyo mtu akupangie.”

“Nitamwambia.”

“Na ile kitu ya juu, ile ya maziwa. Ilikuwa chumvi mingi.”

“Ndiyo, Mama.”

“Haya. Lala.”

Nimekaa na simu mkononi nikitabasamu kama mjinga. Kesho napitia City Park, na nitasimama pale nikibinya mshiri mmoja mmoja hadi muuzaji anifukuze. Chumvi nitapunguza, kweli ilizidi, jibini lenyewe lina chumvi nami nikatia tena.

Kitu kingine. Lile doa la dari ya sebuleni, mnalikumbuka, nililolifananisha na Ziwa Turkana? Keyateka, mtunza jengo letu, alisema ni rangi tu, wa juu hawana bomba linalovuja. Nimeliangalia sasa hivi. Ncha ya kusini imefika kwenye waya wa taa, na pembeni mwa kishikio cha balbu pana kitu kinachong’aa ambacho sijui kama ni tone au ni gundi. Nimezima taa. Baba Njeri anakoroma, Keyateka hashiki simu, nami naandika haya kwa mwanga wa simu, bakuli liko sakafuni chini yake, nasikiliza kama litalia.