Siku yangu ya kwanza kurudi leba

Saa 11 alfajiri. Kengele ya usharika imenikuta macho. Bibi hupenda kusimulia kwamba wamisionari wa Leipzig walifika huku Kilimanjaro mwaka 1893. Nadhani kengele haijapata likizo tangu siku hiyo. Yangu imeisha leo. Wiki tatu zilizopita mama mmoja alitokwa na damu baada ya kujifungua, tukampoteza. Kikao cha kujadili kifo chake kilisema taratibu zote zilifuatwa. Mikono yangu haikuhudhuria kikao. Bado inatetemeka.

Saa 1:30 asubuhi. Ibada ya wafanyakazi. Watu wa maabara, wa jikoni, walinzi wa usiku wanaopambana na usingizi. Mchungaji alisoma Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho kutazama milima. Milima tunayo, ila leo Kibo alikuwa amejifunika mawingu gubigubi.

Wimbo ulipoanza koo likanikaba. Pembeni yangu kaka wa usafi, ndoo yake kaiacha mlangoni, aliporomosha besi yake ya kila siku, ile inayochelewa kidogo nyuma ya wenzake. Ubeti wa kwanza nilimsikiliza tu. Wa pili pia. Wa tatu nikajikuta nimeidandia sauti yake kama mtu anayedandia daladala iliyokwisha kuondoka. Hakuna aliyenitaja kwenye maombi. Nilishukuru.

Saa 2. Ripoti. Wazazi watatu wodini.

“Utaweza, mdogo wangu?” akauliza msimamizi wa zamu.

“Nitajaribu, dada.”

“Mimi siendi mbali.”

Saa 5:20. Mtoto wa kiume, kilo 3.1, kelele za kutosha. Oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja. Kichupa cha kwanza kilikuwa kimeniponyoka, nikafungua cha pili. Kondo la nyuma likatoka zima. Nikaweka kiganja tumboni: mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliozidi maji. Halafu damu.

Nikaanza kukanda. Dada alishatundika dripu, mwenzetu anatoa mkojo kwa mpira. Dada ana tabia ya kuvumisha wimbo akiwa kazini, na zamani tulikuwa tunamcheka. Ulikuwa ule wa asubuhi. Nikakanda kwa mapigo yake, ubeti baada ya ubeti, mpaka nikausikia mfuko unajikusanya chini ya vidole, mgumu kama embe bichi. Damu ikapungua.

“Sista,” mzazi akaniuliza, “mnaimba nini?”

Sikujua kwamba na mimi nilikuwa naimba.

Saa 9:30 alasiri. Nikakabidhi zamu. Mama na mtoto wamelala.

Saa 11 jioni. Jumuiya kwa bibi jirani. Tulikuwa tisa kwenye mabenchi, chai ya rangi na magimbi. Ilipofika zamu ya mahitaji ya maombi, kwa kawaida mimi hutaja ada za wadogo zangu. Leo nikamtaja yule mama wa wiki tatu zilizopita, na mikono yangu. Mzee wa kanisa, ambaye maombi yake hupozesha chai, hakusema kitu. Tukakaa hivyo.

Kisha bibi akauliza, “Kesho unaingia saa ngapi?”

“Saa moja na nusu, bibi.”

“Basi saa hiyo utanikuta nimeshapiga magoti. Kula gimbi, mjukuu wangu, linapoa.”