Nilivyoacha Kutibu Fangasi Ambao Hawakuwepo

Hedhi yangu ya mwisho niliiona nikiwa na miaka 51, na mwaka mzima ulipopita bila kurudi nilijua kuwa nimeingia katika ukomo wa hedhi, nikashukuru kwamba joto la ghafla na jasho la usiku havikunitesa kama vilivyowatesa dada zangu. Lililonitesa lilikuja baadaye, tena mahali ambapo mwanamke wa Tanga wa rika langu hapataji mbele ya watu. Uke ulikauka, ukawa unawasha na kuchonyota, mkojo ulinichoma, na tendo la ndoa likageuka kuwa kitu cha kukitafutia visingizio.

Niliamini kuwa ni fangasi, kwa sababu hilo ndilo jina tunalolipa kila muwasho wa sehemu hiyo. Nilinunua vidonge vya kuweka ukeni bila kupimwa, na vilipokwisha nikanunua vingine. Mkojo ulipozidi kuchoma nilikwenda zahanati, nikaambiwa nina UTI na kupewa antibayotiki. Katika muda wa miezi 14 nilipewa mara tano, na hata mara moja mkojo wangu haukuoteshwa maabara ili ijulikane kama kweli kuna kidudu na ni kipi. Juu ya hayo, somo yangu, yule aliyenifunda nilipovunja ungo, alinikumbusha shabu na maji ya ndimu, nami nikawa najiosha ndani asubuhi na jioni kama mtu anayesugua sufuria lililoungua. Nafuu haikuzidi siku mbili.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, binti ambaye umri wake haumfikii mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nina UTI sugu na kuishia hapo, kisha nikakumbuka kuwa mficha uchi hazai, ingawa kuzaa kwenyewe nilikwisha kukuaga, nikamweleza yote pamoja na habari ya shabu. Alinipima sukari, akachukua mkojo wa kuotesha, halafu wakati wa kunichunguza akagusisha ukanda mdogo wa karatasi kwenye ukuta wa uke na kunionyesha rangi yake.

"Mama, kwa mwanamke anayeona hedhi tunatarajia kipimo hiki cha asidi kisome kati ya 3.8 na 4.5," alisema. "Chako kinasoma 6."

Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 26 na karatasi ya litmasi naijua vizuri, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa kwamba namba ikipanda asidi imepungua. Nilichohitaji ni kuelezwa imekwenda wapi. Aliniambia kuwa homoni ya estrojeni ndiyo inayoufanya utando wa uke uwe mnene na kuhifadhi aina ya sukari iitwayo glikojeni, ambayo ikishavunjwavunjwa huwa chakula cha bakteria waitwao laktobasili. Bakteria hao, walio jamaa wa wale wanaogandisha maziwa, hutengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia vijidudu vya haja kubwa wasijenge makao karibu na njia ya mkojo. Hedhi ikikoma estrojeni hushuka, utando huwa mwembamba, chakula huadimika na walinzi hupungua. Kwa maneno mengine, mimi nilikuwa najisafisha uchafu usiokuwepo, na kila kozi ya antibiotiki huenda ilinipunguzia wale laktobasili wachache waliobaki. Fangasi nao, aliongeza, hupungua baada ya ukomo wa hedhi kwa mwanamke asiye na kisukari na asiyetumia homoni. Majibu ya mkojo yalipotoka hayakuonyesha kidudu chochote, maana yake ni kwamba kuchoma kule kulitokana na ukavu.

Aliniandikia krimu ya estrioli, ambayo ni aina ya estrojeni, niiweke ukeni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kabla ya kuandika aliniuliza kama nimewahi kuugua saratani ya matiti na kama nimetokwa na damu yoyote tangu hedhi ikome, kwa kuwa damu ya namna hiyo lazima ichunguzwe kwanza. Nilipoonyesha hofu ya homoni alinieleza kuwa kiasi cha dawa ni kidogo na kinachoingia kwenye damu ni kidogo zaidi, akanitajia utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu wanawake waliokoma hedhi na kusumbuliwa na UTI za kujirudia: waliotumia krimu hiyo walipata wastani wa UTI 0.5 kwa mwaka, ilhali wenzao waliopewa krimu isiyo na dawa walipata 5.9. Shoga yangu alikuwa amenishauri nijipake mtindi. Daktari alisema bakteria wa mtindi si wale wenyeji wa uke, na hata wangekuwa wao wangefika nyumba isiyo na chakula.

Dawa haikupatikana kirahisi, ikabidi niiagize Dar es Salaam. Sabuni, shabu na ndimu niliacha siku ileile, nikabaki na maji matupu kwa nje. Wiki ya tatu mkojo uliacha kuchoma. Ukavu ulichelewa zaidi, na kwa tendo la ndoa tulitumia kilainishi cha maji, jambo ambalo Baba Salma alilipokea kwa utulivu kuliko nilivyotarajia. Baada ya miezi mitatu ukanda ulisoma 4.5.

Siku zangu za krimu ni Jumatatu na Alhamisi usiku, na hata Ramadhani haikunitatiza. Niliiacha mara moja, nilipokwenda Mwanza kulea mjukuu, nikidhani nimepona. Mwezi wa pili mchonyoto ukarudi, nikaelewa kuwa dawa hii hurudisha kile ambacho mwili hautengenezi tena na kwamba nikiiacha nacho huondoka.

Somo yangu, ambaye sasa ana miaka 71, nilimsimulia haya yote barazani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie jina la dawa. Nilimwandikia, na juu yake nikaandika siku ya kliniki ya yule daktari.