Nane na Tano

Februari 2024 kila simu iliyoingia kwangu ilikuwa ya Kiptum. Kijana wa miaka 24, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni, ajali ya gari ikamchukua usiku wa tarehe 11. Nchi ilikuwa bado inamlilia Kiptum wakati Henry Rono, mkimbiaji wa enzi zetu, alipofariki Nairobi siku nne baadaye, akiwa na miaka 72, na aliyenipigia kuhusu huyo alikuwa mtu mmoja tu, kaka yangu. "Umesikia Rono ametuacha?" akauliza. Kisha akaanza kucheka, nami nikajua anacheka nini.

Mwaka 1978 nilikuwa darasa la kwanza. Baba, mtu wa Vihiga, alikuwa karani wa mzani katika shamba la chai kule Nandi Hills, na kazi ile ilimfanya apende tarakimu kuliko ugali. Katika siku 81 Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000 kule Berkeley, 3,000 kuruka viunzi na maji kule Seattle, 10,000 Vienna, halafu 3,000 za kawaida Oslo. Baba aliziandika zote kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na ole wake aliyeegemea mlango. Mama alilalamika kwamba mgeni akiingia atadhani ni madeni yetu ya dukani.

Ile ya viunzi, 8:05.4, yaani dakika nane na sekunde tano nukta nne, ndiyo iliyomkosesha usingizi. "Kwao Kiptaragon, hapo tu," alikuwa akisema, utafikiri wamechunga ng'ombe pamoja. Na kama mtu wa hapo tu ameweza, mwanawe wa miaka 14 anashindwa nini?

Basi Jumapili moja ya Agosti, siku chache kabla ya Mzee Kenyatta kufariki, habari za dhahabu mbili za Rono kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton zikiwa bado moto, Baba alipima uwanja wa mpira wa kambi kwa kamba. Mizunguko saba na nusu. Viunzi vilikuwa magogo ya mikaratusi juu ya mawe. Maji hayakuhitaji kutafutwa, maana mfereji wa kambi ulipita pale pembeni ukiwa umebeba sabuni ya nyumba zote. Mimi nilivishwa saa yake, ikateleza hadi kwenye kiwiko.

Kaka alikimbia vizuri, tena peku. Mzunguko wa tano ulipoisha akatua mferejini juu ya kipande cha chupa. Akakaa chini analia, damu inachuruzika. Nilidhani mchezo umekwisha. Baba akamfunga mguu kwa leso, akachutama mbele yake, akasema, "Panda."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mtu mzima ndani ya gambuti, kijana wa miaka 14 mgongoni, anaruka magogo! Wachuma chai waliokuwa wakipumzika wakaja wote. "Karani, huo mzigo umeupima?" mmoja akapaza sauti, na kambi nzima ikaangua kicheko. Mfereji wa mwisho uliwameza wote wawili, wakatoka wananuka, wakamaliza.

"Ngapi?" Baba akauliza, akihema.

"Nane na tano," nikasema.

Akaitazama saa, akanitazama mimi. "Basi tumempata," akasema. Jioni aliandika mlangoni, chini ya Rono: 8:05. Mama ndiye aliyegundua kwamba, bila ile nne ya mwishoni, tumevunja rekodi.

Olimpiki Rono hakuionja kamwe, kwa kuwa Kenya ilisusia 1976 na 1980. Baadaye ikawa pombe, na kubeba mizigo ya wasafiri huko Marekani. Baba aliyasoma hayo gazetini, akalikunja, akatoka nje. Mlango hakuufuta. Alipostaafu tukauacha kambini na tarakimu zake.

"Sasa niambie ukweli," kaka akasema kwenye simu. "Saa ilisema ngapi?"

Nikamwambia nililoficha miaka 46: sikuwa najua kusoma saa.

Akanyamaza kidogo. "Kwani umesahau? Baba alikufundisha kesho yake asubuhi, pale mlangoni, kwa chaki. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, mguu juu ya kigoda."

Nilikuwa nimesahau.