Kopo la Maji la Kosambi

Ndugu zangu katika Dhamma, mafundisho ya Buddha,

Juma hili lote nimekuwa na kisa cha Kosambi, mji wa kale wa India, moyoni. Vinaya, kitabu cha kanuni za watawa, inasimulia jinsi watawa wa monasteri ya Ghosita walivyogawanyika pande mbili mpaka wakafikia kupigana, lakini haisemi kosa lililoanzisha ugomvi lilikuwa nini. Maelezo ya kale ya Dhammapada, kitabu cha beti za Buddha, ndiyo yanayolitaja: maji yaliyobaki kwenye kopo la chooni.

Walikuwapo walimu wawili, mmoja bingwa wa Vinaya, mwingine mhubiri wa Dhamma, kila mmoja na wanafunzi 500. Mhubiri alitoka chooni akaacha maji katika kopo. Bingwa wa Vinaya akaingia akayaona.

"Ni wewe uliyeacha maji haya?"

"Ni mimi."

"Hujui kwamba ni kosa?"

"Sikujua. Kama ni kosa, nitalikiri."

"Ikiwa hukujua wala hukukusudia, basi si kosa."

Wakaachana kwa amani, na jambo lingeishia pale. Lakini bingwa alipofika kwa wanafunzi wake akawaambia, "Yule mhubiri ana kosa, na hata hajui kwamba analo." Wanafunzi nao wakawapelekea wanafunzi wa mhubiri: mwalimu wenu ana kosa. Mhubiri aliposikia akasema, "Kwangu alisema si kosa, sasa anasema ni kosa. Mwongo huyo." Tangu hapo maneno hayakuzuilika tena, na mwisho mhubiri akatengwa.

Nimeyasoma maneno ya yule bingwa mara nyingi nikitafuta tusi ndani yake, na sioni. Hakupaza sauti. Ila aliyasema kwa kila mtu isipokuwa mhubiri mwenyewe. Tunafundishwa kujiepusha na uongo, fitina, maneno makali na porojo, lakini wengi wetu hujipima kwa ukali peke yake. Tusipofoka, tunajihesabu kuwa watu wa kauli njema.

Nami nilijihesabu hivyo. Miezi michache iliyopita kundi letu lilitofautiana kuhusu kusoma sutta, yaani hotuba za Buddha: tusome kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yetu, au kwa lugha tunayoielewa wote? Kikaoni nilinyamaza, mikono mapajani, uso wa upole. Tulipokuwa mlangoni tunavaa viatu, nikamnong'oneza jirani yangu: "Dada yule anang'ang'ania Kipali, na maana yenyewe haijui." Kabla ya jioni maneno yalikuwa yamemfikia. Majuma matatu hakuonekana. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Buddha alitaja mambo matano yanayolifanya neno kuwa neno jema: lisemwe kwa wakati wake, liwe la kweli, liwe la upole, liwe na manufaa, litoke katika moyo wa metta, yaani upendo unaomtakia mtu mema. Nililipima neno langu la mlangoni, nalo halikupita hata kwenye moja. Angalieni kwamba kupendeza hakumo katika hayo matano. Kwa mwanamfalme Abhaya alieleza wazi kwamba Tathagata, jina alilojiita mwenyewe, huyasema hata maneno yasiyompendeza msikilizaji, yakiwa ya kweli na yenye faida, naye hujua wakati wa kuyasema. Kwa hiyo sidhani dawa ya mizozo yetu ni kufunga vinywa. Kimya changu kikaoni hakikuwa amani. Nilikuwa nayaweka tu maneno mpaka nifike mlangoni.

Huko Kosambi, Buddha aliwasihi watawa waache ugomvi mara tatu, na mara tatu akajibiwa apumzike zake, ugomvi ni wao. Akachukua bakuli lake akaondoka peke yake. Njiani akafika katika msitu walimoishi watawa watatu, Anuruddha, Nandiya na Kimbila, akawauliza kama wanapatana. Anuruddha akajibu kwamba wamechanganyika kama maziwa na maji, wakitazamana kwa macho ya upendo. Kisha akaeleza wanavyoishi, na hapa ndipo moyo wangu unapotua: anayeona mtungi wa maji ni mtupu, hata ule wa chooni, huujaza. Ukimlemea, humwita mwenzake kwa ishara ya mkono, wakaubeba wawili bila kusema neno. Na kila usiku wa tano hukesha pamoja wakizungumza Dhamma. Kumbe kimya chao hakikuwa cha kununa.

Waumini wa Kosambi walipojua kwa nini Buddha ameondoka, waliacha kuwasalimu wale watawa na kuwapa chakula, nao wakalazimika kumfuata katika mji wa Savatthi. Kadiri Vinaya inavyosimulia, aliyefungua fundo ni yule aliyetengwa. Alikaa akafikiri mwenyewe, kisha akawaendea waliokuwa upande wake akasema: ni kweli, lilikuwa kosa, naombeni mnirudishe.

Kikao chetu kijacho kitarudi kwenye swali la Kipali, na msimamo wangu haujabadilika. Nimemwomba yule dada tukae jirani, amekubali. Lolote nitakalokuwa nalo juu ya hoja yake, atalisikia kwangu, yeye kwanza, kabla hatujafika kwenye viatu.