Deep River, Connecticut: Kwenye Njia ya Ngoma za Mwendo

Treni za kati ya New York na Boston hazipiti Deep River, mji mdogo wa jimbo la Connecticut, Marekani. Unashuka Old Saybrook, mwendo wa saa mbili na ushee kutoka New York, kisha unatafuta gari la kukupeleka kaskazini kama kilomita 15 kando ya Mto Connecticut. Nilikwenda kwa ajili ya Jumamosi ya tatu ya Julai, siku ambayo vikosi vya filimbi na ngoma vya mtindo wa kale hukusanyika hapo kila mwaka, desturi iliyoanza miaka ya 1950. Nenda asubuhi na mapema. Barabara kuu ndiyo njia ya gwaride, ikishafungwa utaliacha gari mbali na kutembea juani.

Mbele ya ofisi za mji kuna sanamu ya tembo, na msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kusimama hapo. Viwanda vya Deep River na vya jirani yake, Ivoryton, vilitengeneza vibonye vya piano kwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Unguja, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara, njia ya Tabora hadi Bagamoyo. Sanamu ni ya tembo. Mimi niliwakumbuka pia waliobeba.

Gwaride lina urefu wa kama kilomita moja na nusu na huishia uwanja wa Devitt. Usisimame mwanzoni, ambako vikosi bado vinajipanga. Simama pembeni, kwenye nusu ya njia, penye majengo upande mmoja tu. Yakiwa pande zote mbili, mwangwi hurudi umechelewa na kuyavuruga mapigo.

Filimbi haipigwi njia nzima, kwa sababu pumzi zina kikomo. Kati ya wimbo na wimbo ngoma hubaki peke yake na kuibeba miguu, na hapo ndipo yanapokuja mapigo ya mwendo: kipande kifupi, mara nyingi cha baa (vipimo vya muziki) 8 au 16, hatua mbili kwa kila baa, kinachorudiwa mpaka ishara ya wimbo unaofuata. Kasi ya mtindo huu ni hatua 110 hivi kwa dakika. Mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta vya American Legion, chama cha maveterani wa Marekani, yalidai zamani hatua 128 hadi 132. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa tarakimu. Kwenye 110 mkono una nafasi ya kupanda juu na kushuka na uzito wake wote, na kila pigo ndani ya mviringo, yaani mfululizo wa mapigo ya haraka, linasikika peke yake. Moodus, kikosi cha ng'ambo ya mto kilichoanzishwa mwaka 1860, kinajulikana kwa ngoma kubwa na mwendo wa taratibu zaidi ya hapo.

Kikosi kimoja kilipita na mapigo ambayo hata mtoto angeweza kuyashika. Hatua ya kwanza, mguu wa kushoto: flamu, yaani pigo zito linalotanguliwa na jingine dogo sana. Hatua ya pili, kulia: flamu tena. Katikati ya hatua hiyo mviringo wa mapigo matano unaanza na kutua hatua ya tatu. Hatua ya nne, kimya. Yote hayo yanarudiwa. Kisha mviringo mrefu wa hatua nne, flamu tatu, na hatua ya 16 inaachiwa ngoma kubwa peke yake. Ndiyo yote. Lakini lile pengo la hatua ya nne liliwafanya watu wa pembeni wapige makofi bila kuambiwa na mtu. Naamini mapigo ya barabarani hukumbukwa kwa mapengo yake kuliko kwa wingi wa mapigo.

Ngoma yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ni pipa la mbao lenye kipenyo cha sentimita 40 na kitu, limewambwa ngozi ya ndama juu na chini, na chini pamepitishwa nyuzi za utumbo zinazotoa ule mlio wa kukwaruza. Kamba moja ndefu huzunguka kati ya pete mbili za mbao, na juu ya kamba kuna vipande vya ngozi vinavyoitwa masikio, kumi hivi. Kuvivuta chini ni kukaza. Vuta vinavyotazamana, kimoja upande huu kisha mwenzake wa upande wa pili, la sivyo pete inakaa upande na ngozi inatoa sauti mbili. Pwani tunakanza ngoma motoni. Julai ya Connecticut ina unyevu mwingi, na ngozi hulegea kikosi kikiwa bado kinangoja zamu. Tiba ni kivuli na masikio. Jua kali nalo ni hatari: ngozi iliyokazwa ikiwa mbichi ikikauka ghafla hupasuka, ndiyo maana baada ya kupiga masikio husukumwa tena juu. Wengi siku hizi wanatumia plastiki, na siwalaumu, ingawa mlio unakuwa mkali zaidi.

Makosa ya barabarani yanajirudia kikosi hadi kikosi. La kwanza ni kukimbia: watu wanashangilia, mikono inapata moto, 110 inakuwa 118 na mviringo unageuka mvumo usio na mapigo. Mwenye kuzuia hilo ni mpiga ngoma kubwa. La pili ni umbali. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wa mwisho katika kikosi cha mita 30 humsikia wa kwanza akiwa amechelewa karibu sehemu moja ya sita ya hatua. Akifuata sikio lake, kikosi kinavunjika vipande viwili. Inabidi atazame miguu ya aliye mbele yake. La tatu ni kukikaribia mno kikosi kilichotangulia, maana miguu huibwa na ngoma ya jirani kabla mwenyewe hajajua.

Vikosi vya kisasa vya mashindano, vyenye ngozi za Kevlar, nyuzi za viwandani zilizo imara sana, zilizokazwa kama meza na ngoma kubwa tano zinazogawana mapigo, hufanya uwanjani mambo ambayo hawa hawawezi. Barabarani, ukiwa mita 50, mapigo yao mengi huchanganyika kuwa kelele. Mtindo wa kale ulizaliwa njiani na bado unafanya kazi yake njiani.

Usiondoke vikosi vikishamaliza maonyesho yao ya uwanjani. Wapigaji wa vikosi tofauti husimama duara na kupiga pamoja, na kipande ambacho karibu wote wanakijua ni Three Camps, cha kuamshia askari, kilichojengwa kwa mviringo wa mapigo matano. Beba vizibo vya masikio, kaa nyuma ya filimbi, na ukitaka kujifunza tazama mkono wa kushoto: ngoma huning'inia ikiwa imeinama, kwa hiyo kijiti cha kushoto hupita kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kifundo cha mkono hugeuka kama kinafungua kitasa.