Siku ya Malipo na Afya ya Akili ya Fundi

Anayetaka kulinda afya ya akili ya fundi ujenzi hapa Dodoma aanze na siku ya malipo. Ninalisema hili nikiwa msimamizi wa saiti niliyeianza kazi hii kwa kubeba karai la zege, na ninalisema mapema kwa sababu mazungumzo mengi ninayoyasikia kuhusu msongo wa mawazo kazini huanza na ushauri wa kupumzika, kufanya mazoezi na kuongea na rafiki. Ushauri huo ni mwema, lakini unamfikia saidia fundi ambaye hajui kama Jumamosi hii atalipwa au atazungushwa tena.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, mji huu umekuwa wa kujenga. Kuna Mji wa Serikali kule Mtumba, reli ya kisasa, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje, na nyumba za watu binafsi zinazoota kila siku Iyumbu, Nala, Ihumwa na Nzuguni. Vijana wanaozijenga wametoka Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, na wengine mbali zaidi. Wengi ni watoto wa wakulima wa mtama, uwele na alizeti katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika kabla ya mazao kukomaa, ghala hubaki tupu na macho ya ukoo mzima hugeukia kwa kijana aliye mjini, ambaye naye anaishi kwa kibarua cha siku kwa siku. Simu za nyumbani huingia mchana wakati amesimama juu ya mirunda, na kila simu ina jambo lake: ada ya mdogo wake, dawa ya mama, unga umekwisha.

Sasa tazama namna fedha inavyomfikia. Mwenye jengo humlipa mkandarasi, mkandarasi humlipa fundi mkuu, fundi mkuu huwalipa mafundi, na fundi ndiye anayemlipa saidia fundi wake. Malipo yakikwama popote katika mlolongo huo, anayeumia zaidi ni yule wa mwisho, na ndiye asiyejua amuulize nani. Nimewaona wanaume wazima wakikaa chini ya mti Jumamosi tangu saa nane mchana hadi giza linaingia, hakuna anayethubutu kuondoka kwa kuhofia kwamba bosi akifika atawakosa, na hakuna mwenye habari ya kumpa mama ntilie aliyewakopesha chakula wiki nzima. Kukaa hivyo mara moja ni usumbufu. Kukaa hivyo kila mwisho wa juma humvunja mtu. Anaanza kukosa usingizi, anakuwa mkali kwa wenzake, anajiona hana thamani mbele ya mke na watoto.

Kijana mmoja mwashi, hodari kiasi kwamba nilikuwa nikimpa kona za jengo, kwa kuwa kona ndiyo inayoongoza kamba ya ukuta mzima, alianza kupandisha tofali zilizotoka nje ya timazi, yaani ukuta haukusimama wima. Alibomoa kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali, akazijenga upya, zikatoka tena. Wenzake walisema ni uvivu. Nilichokiona mimi ni kwamba wakati wa chai alikuwa akikaa peke yake upande wa mchanga, na kwamba alikuwa akisimama na mwiko mkononi mpaka udongo wa saruji unaanza kukauka. Nilimwita pembeni nikamwambia, "Kaka, kazi hii si ya mkono wako. Nyumbani kukoje?" Akajibu, "Mzee, niache tu nifanye kazi. Nikikaa nawaza." Alipokubali kuongea, alisema mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji kule Manyoni, kwamba alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, ili kulipia gharama, kwamba mkopeshaji alikuwa akipiga simu usiku, na kwamba malipo yake ya saiti aliyotoka kabla ya kuja kwetu yalikuwa hayajatolewa.

Tulimshusha kutoka juu, akafanya kazi za chini kwa ujira uleule. Ujira kubaki uleule ni jambo la lazima, kwa sababu fundi akijua kwamba kusema "sipo sawa" kutampunguzia mkate wa watoto, hatasema kamwe, na wenzake wanaotazama hawatasema pia. Tulimlipa kila jioni badala ya Jumamosi ili apunguze deni. Deni lilipungua, lakini usingizi haukurudi, na hapo ikaonekana kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Mmoja wetu alimsindikiza kliniki, akapata matibabu, akaendelea na kazi.

Hapa Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina, kwa kuwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko ndani ya jiji letu. Lakini jina hilohilo limegeuzwa kuwa tusi. Saiti nzima hucheka mtu akiambiwa kwamba atapelekwa Mirembe, na mwanaume aliyelelewa kwa kuambiwa ajikaze huona afadhali ateseke kimya kuliko kuonekana kwenye lango lile. Ninaomba mafundi wenzangu tuache mzaha huo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa kusikoisha, hutibika, wagonjwa wengi hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, na anayeona aibu kuanzia hospitali kubwa anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye.

Jambo la pombe kali na kubeti nitalitaja kwa ufupi. Wasimamizi wengi huyaona kama tabia mbaya na kumfukuza mtu. Mara nyingi mlevi wa Jumatatu ndiye aliyerudi mikono mitupu Jumamosi, na kumfukuza ni kumwongezea sababu ya kunywa. Ni kweli kwamba aliyelewa hapaswi kupanda juu, na hapo hakuna majadiliano, lakini kumzuia asipande na kumtupa ni mambo mawili tofauti.

Tatizo hili halipo kwetu peke yetu. Takwimu za Uingereza kwa miaka ya 2011 hadi 2015 zilionyesha kwamba vibarua wa ujenzi wa kiume walikuwa katika hatari ya kujiua mara 3.7 zaidi ya wastani wa wanaume wa nchi hiyo. Huko Australia, katika jimbo la Queensland, mwaka 2008 lilianzishwa shirika la MATES in Construction, ambalo huwafundisha wafanyakazi wenyewe kutambua dalili kwa wenzao na kuwaunganisha na msaada. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili kazini, na moja ya mapendekezo yake ni kuwafunza wasimamizi. Ninaona mambo hayo mawili yanawezekana Dodoma bila gharama kubwa. Kikao cha usalama cha asubuhi tayari kipo katika saiti nyingi. Tunakagua kofia ngumu, mabuti na mikanda ya kupandia. Dakika chache zinatosha kuuliza nani hakulala, na kumtaja mtu mmoja anayeaminika, ambaye ikiwezekana si mlipaji wala msimamizi, ambaye fundi anaweza kumwendea faragha.

Mtu huyo afundishwe jambo moja mapema, yaani kuuliza waziwazi. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Swali hilo lina uzito zaidi kwetu kwa kuwa Kanuni ya Adhabu imekuwa ikilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo familia na wenzake huficha, na mgonjwa hufika hospitali akiwa amechelewa. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, asirudishwe juu, na asindikizwe hospitali siku hiyohiyo.

Nirudi kwenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi mahali pa kazi, ndani ya saa za kazi, siku waliyokubaliana. Kwa hiyo kumkalisha mtu chini ya mti hadi usiku ni kuvunja sheria. Mafundi wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana haki. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na shauri likifunguliwa mwajiri akashindwa kuyatoa, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kinga hiyo haimhusu anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, lakini mafundi wengi ninaowajua wanafanya zaidi ya hapo. Mahali pa kupeleka dai ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na dai la ujira lipelekwe ndani ya siku 60. Andika kwenye daftari kila siku uliyofanya kazi, na umweke shahidi.

Nanyi mnaojenga nyumba zenu Iyumbu au Ihumwa, mkishamlipa fundi mkuu msiondoke hapo hapo. Muulizeni mbele ya vijana wake watalipwa lini na kiasi gani, na kama fedha yenu itachelewa, waambieni mapema, tangu Jumatano, ili kila mmoja ajue atamjibu nini mama ntilie na atasema nini nyumbani.