Seva ya bekapu iliyojaa maneno yake yenyewe

Julai hapa Mbeya, chumba cha seva ndicho chenye joto kuliko vyote ofisini. Chama chetu cha akiba na mikopo kina jengo dogo upande wa Mwanjelwa, na asubuhi za kipupwe wenzangu huingia mle kwa visingizio. Mara wanatafuta karatasi za printa, mara kebo, kumbe wanaota moto nyuma ya mashine. Kwa hiyo dada wa hesabu alipoingia Jumatatu ya tarehe 14 Julai 2025, nilidhani ni yale yale.

"Kaka, nimeharibu jedwali la michango. Ijumaa nilisevu jipya juu ya lile la zamani. Nirudishie la Alhamisi, mama meneja analitaka saa nne."

Nikamwambia aende tu, atalikuta mezani kwake. Nikamalizia na chai yangu. Nilipofungua orodha ya bekapu (nakala za akiba za mafaili yetu), ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya Ijumaa tarehe 4. Siku kumi nzima! Taa ya mbele ilikuwa kijani, feni zinavuma, mashine ina sura ya mzima kabisa.

Nikaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski. Hifadhi yenyewe ya bekapu, terabaiti 9, ilikuwa imetumika kama nusu. Patisheni ya mfumo, sehemu ya diski inayobeba programu zenyewe, gigabaiti 50, ilikuwa imejaa asilimia 100. Aliyewahi kupeleka mpunga ghalani Mbarali atanielewa haraka: ghala lina nafasi tele, lakini daftari la mlinzi limeisha kurasa, na mlinzi huyo hafungui geti bila kuandika. Programu yetu ya bekapu ndivyo ilivyo. Isipoweza kuandika logi, yaani kumbukumbu ya kila inachofanya, haianzi kazi.

Kumtafuta mla nafasi hakukuchukua muda. Niliandika du -xh --max-depth=1 /, amri inayopima ukubwa wa folda, na kushuka folda moja baada ya nyingine (hiyo x ni muhimu, bila yake amri inaingia hadi kwenye zile terabaiti na utakaa hapo mpaka jioni). Ndani ya /var/log, folda ya logi, nikakuta faili moja la gigabaiti 38. Pembeni yake vifurushi vinne vya uchunguzi, vile ambavyo mafundi wa msaada hukuomba utengeneze na kuwatumia. Tatizo lao lilikwisha mwaka jana, vifurushi vikabaki.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga. Saa nne inakaribia, simu ya mama meneja imeshaita mara moja, nami nikaandika rm na kubonyeza. Faili likatoweka. Nikarudia df -h: asilimia 100.

Ukiwa peke yako na jambo kama hilo unaanza kuhisi mashine inakucheka. Maelezo yake ni mepesi tu. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, rm huondoa jina la faili. Kama kuna programu bado imelishikilia, data hubaki diskini mpaka programu hiyo iliachie. Amri ya lsof +L1, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa yakiwa bado yameshikwa, ilinionyesha faili langu lile lile, limeandikwa mbele yake "deleted", na limeshikwa na huduma ya bekapu. Nikaiwasha huduma upya, gigabaiti 38 zikarudi papo hapo, nikajiona fundi.

Kisha nikampigia fundi wa msaada aliyeko Dar, mzee mmoja mpole tunayemwita Mwalimu, nijue kwa nini logi ilinenepa vile.

"Nitumie hilo faili nilitazame."

"Nimelifuta, Mwalimu."

"Huduma umeshaiwasha upya?"

"Ndiyo."

Akanyamaza kidogo. Akanieleza kwamba kabla sijaiwasha upya, faili lilikuwa bado linapatikana kupitia /proc (mahali Linux inapoonyesha programu zinazoendeshwa), kwenye folda ya fd ya programu iliyolishika, na ningeweza kulinakili lote kwa cp. Na hata kabla ya hapo, alisema, ulikuwa na terabaiti nne tupu pembeni yako. Kwa nini usilikandamize kwa gzip ukaliweka huko? Logi inayorudia mistari ile ile husinyaa mno. Baadaye ungelipunguza hadi sifuri kwa truncate -s 0, jina likabaki, nafasi ikarudi, na huduma isingeguswa. Sikuwa na la kujibu.

Chanzo nilikipata mwenyewe, na afadhali nisingekipata. Kwenye faili la mipangilio ya huduma, kiwango cha logi kilikuwa debug, na juu yake kulikuwa na maoni kwa maandishi yangu: "ya muda tu, rudisha kesho". Tarehe 17 Machi. Tulikuwa tunatafuta kwa nini bekapu zinachelewa, nikaambiwa nipandishe kiwango ili kila hatua iandikwe. Tulikwisha kugundua ni kebo ya mtandao, tukaibadilisha, tukapongezana, na "kesho" ile haikufika. Siku za kawaida logi ilikua kwa megabaiti 150 hivi. Jumamosi, usiku wa bekapu kamili, iliruka gigabaiti moja na nusu. Jumamosi kumi na sita zilitosha.

Tarehe 5 Julai ikagonga ukuta. Jumatatu yake ilikuwa Sabasaba, nami nilikuwa Tukuyu kwa wazazi hadi Jumatano. Lakini siwezi kuisingizia sikukuu. Mashine hunitumia baruapepe ya ripoti kila asubuhi, na nilikuwa nimezoea kutoifungua. Foleni ya baruapepe nayo inakaa kwenye /var, patisheni ile ile. Kwa hiyo mtoa taarifa wa diski kujaa alinyimwa nafasi ya kuandika taarifa yake. Ripoti zikakoma, nikadhani kumetulia.

Marekebisho yalinichukua siku tatu, na sehemu kubwa ilikuwa kujifunza tabia za logrotate, programu inayoweka logi ya zamani pembeni na kuanza mpya. Niliweka mzunguko wa kila siku, nakala 14, compress (kukandamiza), na maxsize (ukubwa wa juu) ya megabaiti 500. Nikajiona nimemaliza. Kumbe maxsize huangaliwa pale tu logrotate inapoendeshwa, na kwetu ilikuwa inaendeshwa mara moja kwa siku. Faili linaweza kuvimba litakavyo saa ishirini na tatu katikati. Nikaisogeza iwe kila saa. Kosa la pili: logi ilibadilishwa jina, lakini huduma ikaendelea kuandika kwenye lile la zamani, kwa sababu hakuna aliyeiambia ifungue jipya. Nikaongeza amri hiyo kwenye postrotate, sehemu ya amri za baada ya mzunguko. Wapo wanaotumia copytruncate badala yake, inayonakili logi kisha kufuta yaliyomo. Mimi siipendi. Inaweza kupoteza mistari michache kati ya kunakili na kufuta, na inahitaji nafasi ya nakala, kitu ambacho siku ya shida huna.

Journald, inayotunza logi za mfumo wenyewe, niliifunga isizidi gigabaiti moja kwa SystemMaxUse=1G. /var/log nimeipa patisheni yake ya gigabaiti 20, ili logi zikijaa zijae peke yake, na ripoti ya baruapepe ipate pa kupita. Logi za bekapu pia zinatumwa kwa rsyslog, programu ya kusafirisha logi, hadi kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa inatupwa, ili seva ikifa leo, maelezo ya kifo chake yasizikwe nayo. Na kila nikipandisha debug siku hizi naweka pale pale kazi ya at (amri ya kupanga kazi ya baadaye) ya kuishusha baada ya saa 48. Maoni ya "rudisha kesho" nimejipiga marufuku.

Jedwali la Alhamisi halikurudi. Nilimpa dada wa hesabu la tarehe 4, na siku sita zilizokosekana aliziingiza upya kutoka kwenye stakabadhi, yeye na mwenzake, siku mbili. Niliwanunulia chai na vitumbua siku zote mbili, na walivila bila kuniangalia usoni. Mama meneja aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwa hiyo hiyo mashine ilikuwa inafanya nini hizo siku kumi?"

Sasa kila Jumatatu dada huyo huchagua faili lolote, nami namrudishia mbele yake kutoka kwenye bekapu. Ripoti ya asubuhi inakuja kwa simu zetu wote wawili, na isipofika saa mbili ana ruhusa ya kunifuata popote. Juzi haikufika kwangu. Saa mbili na dakika tano nilishakuwa nimeinama nyuma ya seva naangalia nyaya, akaingia, mikono ndani ya sweta.

"Kwangu imefika, kaka. Bando lako limeisha."

Akasogea karibu na mashine, akaota moto.